Watoto wa Miguu Wasubiri

Hakuwa na gari. Hakuwa na baiskeli pia, maana ile ya zamani aliiuza alipoacha kazi ya kushona. Hakuwa na kiti katika kamati ya shule, wala cheo, wala sare, wala filimbi, wala goti la kulia la kutegemea. Sauti ya kukemea madereva hakuwa nayo, akiipaza alikohoa. Alichokuwa nacho ni mjukuu wa kike wa darasa la nne, cherehani iliyokuwa bado inazunguka, na hasira.

Hasira hiyo ilianza asubuhi moja, gari la mzazi mmoja lilipompitia mjukuu karibu mno, naye akaangukia mtaroni pamoja na mkoba wake. Dereva alishusha kioo, akasema, "Mfundisheni mtoto barabara." Kisha akaenda zake, mwanawe amekaa kiti cha nyuma anakula biskuti.

Mzee huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alirudi nyumbani akakusanya mabaki ya vitambaa vya rangi kali, akashona mkanda mrefu wenye vitanzi pande zote mbili. Halafu akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi. Mtoto mdogo atashika kitanzi. Mkubwa atatembea upande wa magari. Wenye baiskeli watafuata nyuma taratibu, na wakifika njia panda watashuka na kuzikokota. Sheria hii ya mwisho iliwaudhi wavulana.

"Babu, baiskeli ni ya kupanda," alisema mmoja, aliyeitwa Kengele kwa sababu baiskeli yake haikuwa nayo.

"Na kichwa ni cha kufikiria. Shuka."

Msafara ukakua. Mzazi mwenye zamu alitangulia, Fundi akachechemea nyuma kabisa. Madereva wakaanza kupunguza mwendo. Mtoto mmoja unaweza kujifanya hukumwona. Kundi zima lililoshika kitambaa chekundu na cha njano, huwezi.

Ungedhani shule ingefurahi. Lakini shule ilikuwa na geti moja, na asubuhi geti hilo lilikuwa la magari. Mwalimu mkuu, mtu wa suti na maneno laini, alimwagiza mlinzi kwamba magari yaingie, yashushe, yatoke. Watoto wa miguu na wa baiskeli wasubiri pembeni mpaka foleni iishe, wasije wakaleta ajali. Basi watoto waliofika mapema walisimama ukutani wakivuta moshi wa magari, na kengele ikalia wakiwa nje. Walipoingia waliitwa wachelewaji. Mchelewaji, kwa kanuni ya shule, aliokota takataka uwanjani kipindi chote cha kwanza. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu.

Sijui ni nani aliyewafundisha watu wazima kwamba mtoto mwenye mkoba mgongoni ndiye hatari, na chuma chenye magurudumu manne ndicho cha kulindwa. Mtu wa namna hiyo alistahili kuokota takataka yeye mwenyewe, tena kwa muda mrefu.

Fundi alikwenda ofisini. "Mwalimu, watoto hawa wanafika mapema. Ninyi ndio mnaowaweka nje."

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa. Lakini wazazi wenye magari wana haraka ya kwenda kazini."

"Na sisi wengine tunakwenda wapi? Harusini?"

Mwalimu mkuu alicheka kwa adabu, akamshika mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni. Fundi alishtukia yuko nje.

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto katika msafara, mmoja mmoja. Binti yake mwenyewe, mama wa mjukuu, aliyekuwa akitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, alimwambia bila kuvua viatu:

"Baba, mwanangu sasa anajua kuokota makaratasi kuliko kugawanya. Namtafutia pikipiki."

"Ile inayopakia watoto wanne bila kofia?"

"Inaingia getini, Baba. Inafika kwa wakati. Nikuongopee?"

"Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi. Si kwamba napenda."

Kabla mwezi haujaisha, ofisi ya elimu ikatangaza kwamba afisa wake atazitembelea shule zinazowahimiza watoto kutembea na kuendesha baiskeli kwa vikundi. Ghafla mwalimu mkuu akaukumbuka msafara. Juu ya geti likatundikwa bango jipya: MPANGO WETU, MIGUU KWANZA. Siku moja kabla ya ugeni, mlinzi akapewa amri mpya: kesho gari lisiingie mpaka mtoto wa mwisho aingie.

"Gari lolote?" aliuliza mlinzi, ambaye alishawahi kukaripiwa kwa kutumia akili yake, na hakutaka kurudia.

"Lolote. Umenisikia?"

Alisikia. Kesho yake msafara ulipokuwa unaingia, gari jeusi lilifika, na mlinzi akanyoosha mkono kulizuia.

"Huyu ni mgeni rasmi," alisema dereva.

"Na mimi nimeambiwa lolote."

"Unamjua aliyemo humu?"

"Hata angekuwa mwalimu mkuu mwenyewe, kaka. Zima injini."

Afisa, mama wa makamo, alishuka akicheka. Akashika kitanzi kando ya mjukuu wa Fundi, akaingia kwa miguu. Mwalimu mkuu alikuja mbio, kola imeshaloa jasho.

"Ndivyo tunavyofanya kila siku, mheshimiwa. Kwetu gari humsubiri mtoto."

Walimu wakapiga makofi. Kengele akamgeukia Fundi. "Babu, kila siku ipi hiyo?"

Fundi alifungua kinywa, kikohozi kikamkaba. Kilipomwachia, mgeni alikuwa anaonyeshwa madarasa. Lakini alipokuwa anaondoka, mama yule alimfuata mwenyewe.

"Mzee, nimeambiwa mkanda ni wako. Niandikie mnavyofanya kila siku, ili shule nyingine ziige." Akampa anwani.

Gari lilipotokomea, mwalimu mkuu alimkumbatia Fundi begani.

"Mzee wangu, ukishaandika hiyo barua niletee kwanza, niipitie na kuigonga muhuri. Na mjukuu wako asiwe na wasiwasi. Mlinzi atampitisha mapema kila asubuhi. Yeye tu. Wengine si lazima wajue."

Asubuhi iliyofuata magari yalirudi kwenye foleni yao na watoto wakarudi ukutani, bango likining'inia juu ya vichwa vyao. Mlinzi akamwita mjukuu kwa kidole, akiona aibu.

"Wewe pita."

"Na hawa?"

"Wewe tu, mwanangu. Nimeagizwa."

Mtoto alimtazama babu yake. Fundi hakusema neno, maana hakutaka mtoto wa darasa la nne abebe maneno ya mzee. Mjukuu akavuta pumzi. "Nitaingia na wenzangu," akasema. Siku hiyo akaokota takataka tena, na Fundi alimwona kupitia uwazi wa geti, ameinama, wenzake wa magari wakitaja majibu ya hesabu kwa sauti moja darasani.

Mchana Fundi alikaa mezani akaandika. "Umeniuliza tunavyofanya kila siku," alianza, na akaeleza hivyo tu: ukuta, moshi, kengele, takataka, kipindi kinachopotea, amri ya siku moja, na ahadi aliyopewa mjukuu wake peke yake. Akaomba watoto wa miguu na wa baiskeli wafunguliwe geti kwanza. Akamwomba afisa aje tena, safari hii bila kutoa taarifa.

Binti yake aliisoma akiwa amesimama.

"Mwalimu mkuu atajua ni wewe."

"Nimeandika jina langu."

"Baba, hasira zake atazimalizia kwa mtoto."

"Mtoto yuko uwanjani na takataka. Amalizie wapi tena?"

Binti alikwenda jikoni, akarudi, akaisoma upya.

"Alisema apelekewe kwanza," alisema.

"Alisema."

"Lete kalamu." Akaandika jina lake chini ya la baba yake, akakandamiza mpaka karatasi ikaacha alama. "Wa pikipiki nitamwambia asije."

Fundi aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaipitishia kiganja mara kadhaa ili ishike. Kisha wakatoka wote wawili, wakaipita njia panda ya kwenda shule bila kukata kona, mpaka posta, akaitumbukiza sandukuni.