Wimbi Lililofika Limechoka

Namba nyekundu zilirukaruka, zikazimika, kisha zikabaki sufuri tupu. Obwona akashusha pumzi. Mashine hiyo aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza, mezani nyumbani kwao Bukoto, ili ihesabu wimbi la redio linatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Kipimo cha bandarini Port Bell, alikokuwa fundi, kilikuwa kimekufa, na siku hizo hapakuwa na wa kuagiza kingine.

Mkewe, Acan, aliiogopa. Watu walikuwa wakichukuliwa na askari majumbani kwa mambo madogo kuliko waya zisizoelezeka. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, aliitupia kanga. Lakini kaka yake, Okeny, alikuwa mwendesha redio wa feri ya kuvusha mabehewa ya treni, na safari iliyopita redio hiyo ilihama masafa yake. Aliita ziwani mpaka sauti ikamkauka, bandarini wasisikie kitu.

"Ina kasoro gani?" Acan aliuliza.

"Haisikii vizuri. Nikiunganisha waya moja kwa moja kwenye redio, naivuruga. Nikiuweka kando, wimbi linafika limechoka. Hapa linapoingilia, mashine inataka transista ya kulikuza kwanza." Akasita. "Madukani hakuna."

Acan aliona jinsi macho ya mumewe yalivyokwepa rafu. Pale ilikaa redio ndogo ya Acan, zawadi ya arusi, iliyomletea nyimbo za kwao Acholi. Kumbe ndiyo sababu bwana huyu alikuwa mpole kupita kiasi wiki nzima.

"Baba Aloyo, utaniogopa mpaka lini?" Akaiteremsha, akashika bisibisi, akaifungua mwenyewe.

Obwona alilehemu transista iliyotoka humo, mkewe akimshikia waya. Safari hii namba zilikuja, zikatulia. Ya mwisho tu ndiyo iliyochezacheza. Acan akajikuta anaitazama mashine kama mgeni aliyekaribishwa vibaya.

Kwa mashine hiyo feri ilirekebishwa redio kabla ya kung'oa nanga. Kesho yake Acan alipopeleka chakula bandarini, Obwona alifunga mlango wa chumba cha mawasiliano, akampa kipaza sauti. Ilikuwa marufuku. Katikati ya mikwaruzo, sauti ya Okeny ilikuwa ikiita, safi.

Acan hakuthubutu kulitaja jina lake. Nani ajuaye ni nani mwingine anayesikiliza?

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula samaki," sauti ikajibu, polepole, ikiwa imemtambua. "Ila huku hawajui kupika."

Obwona aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.