Wenyeji wa Mji Uliozimwa

Sherehe ya kuwatuza waasisi wa michezo ya mtandaoni ilipangwa kuanza saa kumi, na ilipogonga saa tisa viti vilikuwa vimekwisha. Waliovikalia walikuwa wenyeji wa mji uliokuwa ndani ya mchezo wa kwanza wa kampuni iliyokuwa ikituzwa: waoka mikate, walinzi wa lango, na bibi mmoja aliyebeba kuku kichwani. Mji wao ulizimwa zamani, siku kampuni ilipouza mashine zake, na hakuna aliyewahi kuuliza walikwenda kuishi wapi. Mshereheshaji naye hakuuliza. Alinung'unika tu kwamba hawakutoa taarifa ya kuja, akaagiza viti vya plastiki.

Kimoja cha viti hivyo, nyuma kabisa, alipewa fundi wa programu aliyewaumba. Mji ule aliuandika peke yake, ndani ya stoo isiyo na dirisha, na mimba ya kifungua mimba wake tumboni. Mwenyekiti wa kampuni kazi yake ilikuwa kulipia umeme, na hata huo ulikuwa ukikatwa. Leo tuzo ilikuwa ya mwenyekiti. Fundi alilijua hilo na hakuja kugombana. Alitaka kitu kimoja tu, jina lake litajwe pale mbele na mdogo wake aliyekaa ubavuni asikie, maana huyo miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwaambia ndugu kwamba dada hana kazi, anacheza gemu.

Fundi akainuka kumpisha mtu. Ukumbi mzima ukasimama, ukamgeukia.

"Karibu, tulikuwa tunakungoja," wakasema kwa pamoja, kwa kuwa maneno waliyopewa ni hayo tu.

Ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Enzi za majaribio aliwaandikia kwamba yeye akiinuka nao wainuke, apate kumwona aliyekwama. Kisha akasahau kuifuta amri ile. Akaketi, nao wakaketi, bibi wa kuku akichelewa kidogo kama alivyokuwa akichelewa tangu zamani.

Mshereheshaji akaja mbio.

"Mama, mwenyekiti akishika tuzo, tafadhali simama. Kamera zinataka watu waliosimama."

"Na jina langu?"

"Tutaona kama muda utatosha."

Muda, wee! Mwenyekiti alihutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye glasi. Alimshukuru mkewe, akamshukuru kinyozi, akamshukuru mbwa aliyemfariji siku za shida. Mbwa alitajwa mara mbili. Fundi hakutajwa.

Tuzo ikashikwa. Mshereheshaji akamkonyeza fundi, akamkonyeza tena. Fundi akang'ang'ania kiti, akaapa moyoni kwamba hainuki hata waje na winchi. Ndipo akawatazama watu wake. Shingo zote zilikuwa zimemgeukia, magoti yako tayari, wanamngoja kama watoto wa chekechea wanaosubiri kuchukuliwa. Walikuwa wamekaa gizani tangu siku ya kuzimwa, na duniani hapakuwa na mwingine wa kuwainua. Huruma ikamshinda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akasimama.

Wote wakasimama, wakampa mwenyekiti mgongo.

"Karibu, tulikuwa tunakungoja."

Mwenyekiti akafuta machozi, akasema asanteni sana, kwa kweli sikutegemea.

Picha ya tukio hilo imetundikwa mapokezi ya kampuni: mwenyekiti ameinua kombe, na mbele yake ni visogo vitupu, na kuku mmoja. Wageni huisifu kwa rangi zake.

Pale mlangoni, watu walipokuwa wakitawanyika, wenyeji wa mji walijipanga nyuma ya fundi. Mdogo wake akawahesabu kwa kidole, akaishia njiani.

"Dada, hawa wote ni wako?"

"Ni wangu."

"Sasa tutawalaza wapi?"

Waliwalaza sebuleni, na wako huko mpaka leo. Fundi akishikwa na kiu huvumilia kwanza, kwa sababu akiinuka tu kufuata maji, sebule nzima inasimama. Siku hizi hata mdogo wake husimama.