Alikuwa Anarudi

Katekista Peterson alipotuambia kwamba siku hiyo tutajifunza sheria ya asili, ile ambayo Mungu aliiandika moyoni mwa kila mtu, nilijua hatutafika mbali. Ilikuwa siku ya soko pale Chaka, kondoo wakilia nje ya dirisha la kanisa, na viazi vyangu nilikuwa nimemwachia mtu nisiyemwamini. Isitoshe, Kagure alikuwa ameketi kando yangu, na Ngatia nyuma yetu.

Habari yao ilijulikana. Mwaka mmoja baada ya Uhuru, Mathenge, mume wa Kagure, aliingia shambani kwa Ngatia na fimbo kugombania mpaka. Ngatia akamkata kwa panga, akafa. Kortini, mbele ya jaji Mzungu, Ngatia alisema kwa Kiswahili chetu hiki cha kuungaunga: "Alikuwa anarudi, nikamkata." Jaji akaelewa kwamba Mathenge alikuwa akimrudia Ngatia, akamwachilia. Kagure akaelewa kwamba mumewe alikuwa akirudi nyumbani. Tangu hapo hajalala vizuri, na mimi jirani yake sijalala vizuri kwa kumsikia akizunguka uani. Sasa binti yake Wacera na kijana wa Ngatia walitaka kuoana, na upande wa kijana ungekuja Jumamosi kuuliza. Kagure hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Peterson, mgeni kutoka Kianyaga, hakujua lolote. Akabuni mtu, akamwita Kihara. Kihara amevamiwa kwake, akampiga mvamizi, akamuua. Je, ametenda dhambi? Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Maumbile yenyewe yanatufundisha kuulinda uhai, kwa hiyo Kihara ana haki ya kujikinga. Lakini hatari ikiisha, na mkono wake uishie hapo. Akiendelea, hajikingi tena, anaua.

Nilitamani kutoka nje. Benchi la Ngatia lililia nyuma yangu. Kagure alikuwa akikunja pindo la leso yake, anakunjua, anakunja tena, mpaka nikamshika mkono. Akautoa.

"Mwalimu," akasema, "huyo mtu wa kuvamia alikuwa anarudi."

Peterson akafurahi kupata mwanafunzi. Akamuuliza, alikuwa anarudi kwa Kihara ama anarudi kwake? Maana hukumu yote iko hapo.

"Mimi sijui. Uliza Kihara."

Peterson akacheka, akasema Kihara hayupo duniani, ni wa kubuni tu. Alicheka peke yake. Ngatia akasimama, kofia mkononi. Angeweza kunyamaza, na mwanawe angeoa.

"Alikuwa anarudi kwake," akasema. "Fimbo alikuwa ametupa. Alikuwa amenipea mgongo."

Peterson, masikini, chaki bado mkononi, akasema polepole kwamba basi Kihara ni muuaji.

Kagure hakulia. Niliyelia ni mimi, na zaidi ilikuwa hasira. Yeye alimgeukia Ngatia.

"Kijana yako akuje Jumamosi," akamwambia. "Yeye hakukata mtu. Wewe, rudi kwako."

Ngatia akavaa kofia. Kufika mlangoni kule mbele ilibidi apite katikati yetu na kumpa Kagure mgongo. Alikwenda hivyo, mabega yamepanda hadi masikioni, mpaka akatoka.