Pikipiki ya Marehemu Yohane

Jailos aliingia Tanganyika mwaka 1954, akiwa na sanduku la bati na Kiswahili cha kuokoteza. Kwao kulikuwa Karonga, upande wa Nyasa. Mbeya alipata kazi ya ukarani katika ghala la kahawa, akapanga chumba Ilomba. Watu hawakumtendea ubaya. Walimwita Mnyasa, wakacheka kidogo kila alipofungua kinywa, basi. Kilichomtafuna ni mkewe, Atuganile, aliyebaki Karonga na mtoto ambaye baba yake hajapata kumwona akitembea. Malori ya kwenda kule yalikuwa ya kubahatisha, na likizo aliyopewa ingeishia njiani. Kwa hiyo wazo la pikipiki lilipomwingia, halikutoka tena. Kuendesha alijua, alijifunzia misheni, kwa pikipiki ya mzungu mmoja.

Habari ililetwa na karani mwenzake, Yotamu.

"Kuna mjane Iringa, pale Kihesa, anauza pikipiki ya mumewe. Nzima kabisa. Lakini anataka mnunuzi wa mbali, na anataka upesi."

Jailos hakujiuliza kwa nini wa mbali. Alichoona ni kwamba ugeni wake, kwa mara ya kwanza, umekuwa na faida. Akaomba ruhusa, akapanda basi.

Mjane aliitwa Severina. Alikuwa mama mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa msiba, kaniki mwilini. Alimpeleka nyuma ya ghala la mahindi, akafunua mikeka. Pikipiki ilikuwa pale, rangi ya kijani, kiti chake cha ngozi kimelika upande mmoja. Jailos aliipiga teke la kwanza ikakohoa, la pili ikawaka. Severina akamshika mkono haraka.

"Izime, kaka. Watu wote wa hapa wanaujua mlio wake."

Ndipo alipomweleza, kwa sauti ya chini. Ukoo wa mumewe ulikuwa umekwisha kukaa kikao. Kila kitu cha marehemu Yohane kilikuwa kimepewa mdogo wake, Timotheo: shamba, ng'ombe, pikipiki, na yeye Severina mwenyewe. Matanga yakiisha angehamia kwake, awe mke wa pili.

"Mimi sitaki," alisema. "Nakwenda kwa baba yangu Njombe na wanangu, kwa basi la leo mchana. Sina nauli wala cha kuanzia. Ninayo hii tu."

Jailos alisita. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo mtu mwenye akili angeshukuru na kuondoka. Lakini alikwisha kuuona mlango wa nyumba ya Karonga, na Atuganile akitoka kuangalia ni nani huyo aliyefika na kelele hizo.

"Wakiniuliza, mama?"

"Sema ulinunua kwa Yohane mwenyewe, akiwa hai. Na usipite mtaa wa Mlandege. Timotheo ni fundi cherehani, anashonea huko, barazani kwenye duka la Nizar."

Jailos akamkabidhi fedha. Severina akazifunga kwenye pindo la kaniki, akaingia ndani kuwafungia watoto nguo zao.

Mgeni haujui mji kwa kuambiwa majina. Jailos aliteremka kutoka Kihesa upepo ukimpiga kifuani, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Iringa. Halafu pikipiki ikaanza kukatakata. Akatazama tangi: petroli ilikuwa imebaki chini kabisa, isingemfikisha hata Ifunda. Akamwuliza mpita njia petroli inauzwa wapi, naye akamwelekeza kwa wema wote, kunja hapa, kunja pale, duka lenye mlango wa buluu. Alipofika, mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyevaa kofia nyeupe, alitoka na debe na mpira. Hakumimina. Alikuwa akiitazama pikipiki.

Barazani cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza.

Mwanamume aliyeinuka hakuwa na haraka wala hasira usoni. Aliweka chini suruali aliyokuwa akiishona, akaja akagusa kile kiti cha ngozi mahali kilipolika.

"Karibu, bwana," alisema. "Hii ni ya kaka yangu."

Jailos hakukimbia. Angekimbilia wapi, tangi tupu, mji haujui? Timotheo alimpeleka kwa jumbe, Nizar akafuata kama shahidi, na watu wengine wakafuata kwa sababu watu hufuata wanaofuatwa. Jumbe alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa Yohane. Yeye mwenyewe."

"Lini?"

Jailos hakuwa amemwuliza Severina siku ya kifo. "Mwezi wa nane," alisema.

Watu wakaguna. Jumbe akavua miwani.

"Mwezi wa nane Yohane alikuwa kaburini. Basi wewe ni mwizi, tena unamsingizia maiti. Nakupeleka polisi. Wakimalizana nawe, watakurudisha kwenu Nyasa, na Tanganyika hutaiona tena."

Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyempandishia sauti. Hilo Jailos alilikumbuka sana baadaye, kwamba hakupigwa. Aliwaza kazi yake, akamwaza Atuganile akimpokea mikono mitupu mbele ya majirani. Akawaza pia kwamba pengine basi limekwisha kuondoka, na neno lake halitamdhuru mtu. Aliling'ang'ania wazo hilo la mwisho, akasema.

"Mkewe ameniuzia. Anangoja basi la Njombe."

Basi lilikuwa halijaondoka.

Walimleta Severina na mtoto mgongoni, msichana mkubwa akimshika nguo. Hakulia. Jumbe aliamua upesi: mali ya ukoo haiuzwi na mjane, pikipiki irudi kwa Timotheo, na mgeni arudishiwe fedha zake, maana amesema kweli. Severina alifungua pindo kwa vidole na meno. Akaziweka fedha kiganjani mwa Jailos, zikiwa bado na joto la mwili wake.

"Hesabu," alisema jumbe.

Jailos hakuhesabu. "Mama," alianza.

"Shika, kaka," alisema Severina. "Si ulisafiri kutoka mbali."

Timotheo akampokea mzigo wake wa nguo, kama mtu anavyompokea mke wake, wakaondoka naye.

Mbeya, Yotamu alipoziona fedha alimpa mkono wa pongezi. Alisema wageni wengi wametapeliwa na hawakurudishiwa hata senti, yeye ana bahati. Jailos aliacha kula naye. Miezi ilipita. Habari zilifika kupitia madereva wa malori: kwamba Severina amehamia Mlandege, kwamba alijaribu kutoroka tena akarudishwa, kwamba sasa hata kanisani haendi peke yake.

Jumamosi moja Jailos alikwenda mahali basi la Iringa linapopakia. Alikuwa amezifunga fedha zote kwenye leso. Akamwomba utingo azifikishe.

"Kwa nani?" aliuliza utingo.

"Severina. Anakaa Mlandege."

"Mke wa Timotheo fundi? Namfahamu sana mumewe. Nitamkabidhi Timotheo mwenyewe, mkononi."

Utingo alikuwa amenyoosha mkono, kijana mwaminifu, anayetaka tu kusaidia. Jailos akabaki na leso yake mkononi. Abiria wakapanda, kuku wakafungwa juu ya paa, basi likaondoka. Akarudi Ilomba kwa miguu, na njia nzima hakuna mtu aliyemwuliza kitu.