Kila Chema Huanza Kulia

Mke wangu Mwanakheri alijua kusoma kabla mimi sijajua hata kushika kalamu. Alisoma chuo cha Kurani kwao utotoni, kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili chetu hiki alikiandika kwa herufi hizo hizo, makaratasi akiyahifadhi kwenye kisanduku chake. Lakini walipotuhamishia kijiji kipya karibu na Magindu, mwaka sabini na nne, afisa wa kisomo cha watu wazima akamwandika: hajui. Akamweka darasa moja na mimi, mtu wa jembe.

Hakugomba. Alijifunza a, e, i, o, u, na kila akirudi nyumbani anamfundisha binti yetu, Tatu. Alitandaza pumba kwenye ungo, akaandika kwa kidole, mtoto akafuatisha. Ila mkono una mazoea yake. Mwanakheri alianzia kulia kwenda kushoto, kama walivyomfunza chuoni, na Tatu akashika hivyo hivyo. Alimwambia mtoto kila chema huanza kulia: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, mguu wa kulia ndio wa kuingilia msikitini. Mimi niliona, nikanyamaza. Nimrekebishe vipi mtu aliyenizidi?

Masika ya sabini na sita uchungu wa uzazi ulimshika Mwanakheri. Lori la kijiji lilikuwa limebeba watu kwenda Mlandizi kumpigia mgeni makofi. Tukamchukua kwa kitanda, begani. Hatukufika. Mwenyekiti alikuja matangani, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu, sawa. Na ya lori?

Baadaye amri ikatoka kwamba watoto wote waandikishwe shule. Walimu hawakutosha. Hao wakubwa walitoa amri kwanza, walimu wakafikiriwa baadaye. Tukaletewa Ponsiano, kijana wa bara aliyemaliza la saba juzi tu. Alipomwita Tatu ubaoni aandike jina lake, akasoma kwa sauti kilichoandikwa: Utat. Darasa likacheka. Kuanzia hapo ikawa Utat njia nzima ya kisimani, na mtoto akaacha kuandika kabisa.

Mwalimu akaniita. Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akasema Tatu asipoandika jina lake sawasawa kufika Ijumaa, arudi nyumbani asubiri mwaka mwingine. Nikaogopa. Mtoto wa mtaa wa pili aliambiwa hivyo hivyo, na mpaka leo anachunga ng'ombe wa watu.

Alhamisi jioni nikatandaza pumba kwenye ungo. Nikamshika Tatu kidole, nikakipeleka upande wa kushoto. Akakivuta.

"Mama alisema huku."

"Shuleni wanaanzia huku."

"Kwa hiyo mama alinidanganya?"

Kulikuwa na jibu. Nimelipata baadaye, nikipalilia mihogo: kwamba kuna maandishi ya namna mbili, kila moja na mlango wake. Maneno machache tu, hata mimi ningeyaweza. Lakini jioni ile nilichoka, na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Hakukudanganya," nikasema. "Alikuwa hajui."

Tatu akasawazisha pumba kwa kiganja, akaandika jina lake kuanzia kushoto, herufi zote nne, bila kushikwa mkono.

Ponsiano alimsifu mbele ya wenzake, na Utat likafa lenyewe. Mtoto akapenda shule. Nikajiambia nitamweleza siku moja, tukiwa tumetulia.

Siku hiyo sikuitafuta. Kiangazi nilirudi kutoka shamba nikakuta chai tayari, Tatu amekaa jikoni na daftari lake mapajani. Nikamuuliza moto amewashia nini, maana kuni zilikuwa mbichi.

"Makaratasi yaliyokuwa kwenye kisanduku cha mama," akasema. "Si alikuwa hajui kuandika, baba."

Nikachutama mafigani. Kipande kimoja kilikuwa bado kizima, kina mistari miwili ya wino. Nilikigeuza huku na huku. Sikujua hata kinashikwa upande gani.