Foleni ya Mgombea

Shemeji yangu, mume wa dada, alianza maisha kwa kusimama. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo: wenye haraka walimlipa awashikie nafasi kwenye foleni za benki, za hospitali, za ofisi ya ardhi. Miaka kumi na minane alisimama, akajengea nyumba. Mtaa ukambandika jina Bwana Foleni, naye akalipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Alipogombea udiwani, sera yake ya uchumi ilienea kwenye karatasi moja, na mimi ndiye niliyemtolea kopi dukani kwangu. Aliamini bidhaa haivuti watu; watu ndio huvuta watu. Biashara zetu zinakufa, alidai, kwa sababu tunafungua duka kwanza halafu tunakaa kupunga nzi. Tuanze na foleni, duka litajileta.

Dada, ambaye ni fundi cherehani na hana muda wa porojo, alimwuliza hao watu watapanga foleni ya nini. Akamjibu kwa upole kabisa:

"Mama watoto, ukishauliza ya nini, umeshapoteza nafasi."

Jumatatu ya wiki ya uchaguzi akawapanga wajomba zake wanne mbele ya ghala tupu lililofungwa. Saa nne walikuwa wamefika ishirini. Adhuhuri mstari ulikuwa umekata kona ya duka la dawa. Kila aliyefika alimwuliza aliye mbele yake kuna nini, naye, kwa kuona haya, alijibu kwamba watatangaziwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa shemeji. Maana alikuja muuza chai, akaja mkodisha viti, akaja kinyozi akawa ananyoa watu wima. Jumatano nami nikahamishia mashine yangu ya kopi pale. Watu walitaka fomu, nikawatungia: jina, mtaa, sababu ya kusubiri. Zikagombaniwa.

Mpinzani wake, mhasibu mstaafu, alikuja na kipaza sauti kuwaonyesha kwamba ghala ni tupu. Alipoukaribia mlango akazomewa kwa kuruka foleni. Kwa kuwa ni mtu wa kufuata taratibu, akaenda nyuma, akasimama.

Jumamosi ikawa siku ya kupiga kura. Shemeji akapita mstari mzima akiwabembeleza waende shuleni, kwenye vituo, wampigie. Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Twende wewe uingie mbele?" mama mmoja alimwuliza. "Ujanja huo tumeuzoea."

Mhasibu naye hakubanduka. Waliochoka mbele yake walikuwa wameshaondoka, sasa alikuwa wa tisa. Akashinda mgombea wa tatu, mchimba visima ambaye hata kampeni hakufanya, kwa kura ishirini na tatu. Shemeji alipata kumi na moja, na moja kati ya hizo, dada alikiri, ilikuwa yake, tena kwa kukosea kisanduku.

Jioni mwenye ghala akaja kufungua. Mjomba mkubwa akaingia peke yake, akazunguka ndani, akatoka akijipangusa vumbi mikononi.

"Kimeisha," alisema.

Watu wakatawanyika wakinung'unika. Yule mama akamfuata shemeji, akamsema kama mwanawe: siku nyingine atoe taarifa mapema, watu wajihimu. Shemeji, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga, alimwomba radhi, akamwahidi atajirekebisha.