Vua Viatu, Tunaingia kwa Wafalme

Bibi Kastur haingii kwenye makaburi ya wafalme na viatu, hata kama makaburi yenyewe yako Bhuj, India, na yeye yuko kwenye kiti cha magurudumu Rooty Hill, Sydney. Kila Jumanne nilimletea ile miwani mikubwa ya video, ambayo ukiivaa unajiona umesimama kwingine kabisa. Na kila Jumanne alininyooshea miguu kwanza.

"Vua, Innocent. Tunaingia kwa wakubwa."

Kazi yangu kwenye kile kituo cha wazee ilikuwa kuwachangamsha. Basi namvua ndala, namvalisha miwani, anaenda zake. Kazaliwa Tanga, akaolewa Bhuj, uzeeni mwanawe akamleta Sydney. Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Morogoro.

Jumanne moja dada Anésie, mhudumu mwenzangu, alikuwa anatandika kitanda cha Bibi. Simu ikamlilia mfukoni, akaiacha. Ikalia tena. Sote tulijua ni Darlène, wifi yake. Mume wa Anésie, Venant, alipotea zamani walipokuwa wanakimbia Burundi kuingia Tanzania. Hakuonekana tena, mzima wala maiti. Sasa mama yake Venant yuko Bankstown, hapa hapa Sydney, mgonjwa wa kitandani, na anaomba kitu kimoja tu: mwanawe awekewe matanga kabla na yeye hajaondoka. Bila mke kukubali, hakuna matanga. Na Anésie alikuwa amekataa miaka yote.

"Wanataka nizike nini?" alisema, anavuta shuka kwa nguvu. "Shati? Hata shati yake sina."

Nikaona nimtoe kwenye mawazo. "Dada, njoo utembee India kidogo. Hakuna viza, hakuna ndege."

"Wewe, mimi niko kazini."

"Shuka halikimbii," Bibi Kastur akasema. "Lakini viatu vua. Huyu Innocent, aliyekimbia chuo Parramatta, atakuongoza."

Anésie akacheka, akavua raba zake, akakaa. Nikamvalisha miwani. Anachokiona yeye na mimi nakiona kwenye tableti: uwanja wa vumbi, nguzo za mawe, makuba yaliyoanguka kwenye lile tetemeko kubwa la 2001, mfalme kachongwa juu ya farasi, wake zake wamejipanga pembeni.

Sasa, mimi ni mimi. Mezani kulikuwa na jagi la maji ya barafu. Nikatumbukiza mkono mpaka ukafa ganzi. Nikamkonyeza Bibi. Anésie alipofika ndani kwenye kivuli, nikamwekea ule mkono shingoni, taratibu.

Nikangoja mayowe.

"Venant?" akasema.

Kwa sauti ndogo tu, kama mtu aliyesikia hodi. Akaushika mkono wangu, akapapasa vidole kimoja kimoja. Hapo akajua.

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

Akavua miwani. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Bibi Kastur akanitazama jicho moja tu, nikarudi nyuma. Kisha akamgeukia yeye. "Huyo Venant kaburi lake liko wapi?"

"Hana, Bibi. Mwili haukuonekana."

"Na huko ulikotoka sasa hivi, unadhani kuna miili?"

"Si makaburi ya wafalme?"

"Ni yao. Lakini sisi wafu wetu tunawachoma, mwanangu. Mfalme kachomwa, majivu yamekwenda na maji. Chini ya lile jiwe alilochongwa hakuna mtu. Na bado tunakwenda, tunalizunguka, tunamtaja."

Anésie akatikisa kichwa. "Nyinyi mulimuona amekufa. Mimi nikimuwekea matanga, ni kama nimemuua mimi. Na akirudi kesho?"

Bibi alivuta shali yake mabegani. Akageukia dirisha.

"Akirudi," akasema, "mwambie alililiwa. Kuna mtu wa kukasirika kwa kuliliwa?"

Koridoni kilisikika kitoroli cha chai kikipita. Anésie akaokota miwani.

"Nirudishe, Innocent. Na ukiniguza tena nitakuvunja."

"Simama," Bibi akamwambia. "Jiwe liwe mkono wako wa kulia."

Nikamtegesha palepale mbele ya jiwe, picha ikasimama. Akaanza kuzunguka, pekupeku juu ya zulia, mimi nikimlinda asigonge kitanda, bila kumgusa. Alikwenda polepole, midomo inacheza. Alichosema sikukisikia, na sikusogea karibu ili nikisikie. Bibi Kastur alikuwa amefumba macho, naye anasema yake.

Anésie alipomaliza alikaa, akajifuta uso kwa aproni. Akatoa simu, akapiga mwenyewe.

"Darlène? Hapana, hakuna habari mpya... Sikiliza kwanza. Mama ameamka? Muwekee simu sikioni." Akangoja. "Mama, ni mimi. Venant tutamlilia. Jumamosi hii, hapo kwako, nawe ukiwepo."